Devoir Yangu Chini ya Blanketi ya Papa

Weye mwenye unakaa pale, nikuulize: ulishasikiaka harufu ya zéro?

Usicheke. Zéro iko na harufu. Mimi najua, juu niliinusa siku moja mu lupango yetu, ile kiwanja ya nyumba, kule mutaa ya Tshopo, nikiwa mutoto ya miaka kumi na tatu, na mpaka leo, na hii meno yangu yenye imebakia ya kuhesabu, nikiisikia tu, damu inapanda. Harufu ya zéro ni sinda, ile majani murefu ya chai yenye kunuka ndimu, inachemuka pamoja na kongobololo, ile jani ya uchungu ya homa. Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa anafukiza mutoto yake mwenye mafua. Moshi ikapita ukuta, ikaniingia mu pua. Nikasimama, nikaacha muchele mu sahani, nikaanza kutukana prof moja mwenye alishakufa zamani. Mungu anisamehe. Lakini yeye ndiye alianza.

Mimi, munaniona hivi, masomo yangu haiko mingi. Nilimaliza primaire, nikaingia secondaire mwaka moja, na hata ule mwaka sikuumaliza. Lakini nilikuwa binti ya kwanza ya nyumba yetu kufika kule, musisahau! Papa alikuwa anafanya kazi ku bac, ile ya kuvusha magari ku mto. Mama alikuwa anauzisha maboke ku soko, liboke moja ni samaki ya kufunga mu majani na kuweka juu ya makala. Na mimi nilikuwa nataka kuwa infirmière. Nilionaka infirmière moja ku dispensaire, blouse yake nyeupe sawa yai, anatembea mbio-mbio, na hata bapapa bakubwa banamuogopa juu ya sindano. Nikasema: ile ndiyo kazi yangu. Bakaniambia: infirmière bila biologie, hakuna. Basi nikapenda biologie hata mbele ya kujua biologie iko nini.

Prof ya biologie alikuwa kijana mwembamba, pantalon yake na mukunjo ya pasi yenye inaweza kukukata kidole. Tumuite Prof Anaclet. Alipenda kitu mbili ku hii dunia: saa yake ya mukono na tarehe. Kila devoir, ile kazi ya kufanyia nyumbani, ilikuwa na siku yake, kila interro, ile mutihani kidogo ya mu kilasi, siku yake, na ile siku alikuwa anaiandika ku tableau, anaizungushia sanduku ya chaki, na chini yake mistari mbili. Alikuwa anasema: «Devoir yenye kuchelewa ni devoir yenye haikuzaliwa.» Sisi tulikuwa tunaandika hata ile neno mu kaye, daftari yetu. Tulizania ni biologie.

Siku moja akatupatia herbier. Kama hamujui, herbier ni kaye ya majani: unachuma jani, unaikausha katikati ya gazeti, unaibandika ku ukurasa, unaandika jina chini. Majani kumi na mbili. Siku ya kuleta: lundi, siku ya kwanza ya wiki ya masomo, mbele ya kengele ya kwanza. Na ile lundi tu, saa ya kwanza, interro juu ya majani. Mwenye hana herbier haingii mu interro. Donc unapata zéro mbili kwa asubui moja, na kwa zéro mbili mu biologie, wee, bulletin yako, ile karatasi ya alama, inakufa na kuzikwa.

Batoto ya mu ville bakaanza kulia: majani tutatosha wapi? Mimi nilicheka. Majani! Kwetu majani ndiyo tunakula, ndiyo tunafungia chakula, ndiyo tunapona nayo. Ilikuwa sawa kuambia samaki: leta maji.

Nilichuma sinda. Nilichuma kongobololo, lumba-lumba yenye kunukia, pondu, ile majani ya muhogo, matembele, ngai-ngai ya kali-kali, na jani ya papai. Zingine niliendea mpaka karibu na barrage, ile ukuta ya kuzuia maji, pahali mto Tshopo inapiga kelele mpaka ukiita mutu hasikii. Papa alinileteaka gazeti ya zamani kutoka kazi. Nikapanga majani yangu ndani, moja-moja, nikaiweka chini ya paillasse yangu, ile godoro ya majani makavu, nikailalia siku tano. Nilikuwa nalala sawa kuku mwenye iko juu ya mayai, bila kugeuka. Yenga, ile siku ya Mungu, kisha misa, nilipaswa kuibandika tu mu kaye, na kazi imeisha.

Sasa musikilize.

Koko yangu, mama ya mama, alikuwa anaishi Bengamisa. Kila mara camion inatoka kule, anatutumia dawa: majani ya kukauka, imefungwa mu gazeti. Mama yangu hakujua kusoma. Kwake gazeti haikukuwa kitu ya kusoma, na gazeti yenye majani ndani ilikuwa na maana moja tu: koko ametuma dawa. Ile yenga papa aliamuka na homa ya kutetemesha kitanda. Mimi nilikuwa misa, kisha misa nikaenda kushota maji. Mama akafagia chumba, akainua paillasse yangu, akaona gazeti, akaifungula. Sinda, kongobololo, lumba-lumba, imekauka muzuri, imepangwa sawa sahani ya arusi. Yeye mwenyewe alinielezea kisha: «Nilisema, ee, leo mama yangu amepanga na heshima!» Na akatupa zote kumi na mbili mu sufuria.

Nilikuya na ndoo ku kichwa. Toka ku kona ya njia nikasikia harufu. Nikasema mu roho: aah, kuna mutu anafukizwa, pole yake. Nikaingia mu lupango. Katikati kulikuwa blanketi ya rangi ya majivu, imesimama sawa kichuguu, inatoka moshi pande zote, na ndani yake sauti ya papa:

«Aaah! Hii ndiyo dawa! Hii mara koko ametuma dawa ya kweli!»

Nikaona gazeti yangu chini. Iko tupu.

«Mama, hii majani ulitosha wapi?»

«Chini ya kitanda yako, mutoto yangu. Na juu ya nini unaficha dawa ya koko, na papa yako anakufa?»

«Mama, haiko dawa! Ni devoir!»

«Devoir ni nini?»

«Ni... ni majani ya prof!»

«Prof yako anagonjwa?»

Na papa, chini ya blanketi: «Nani anagonjwa?»

«Prof ya mutoto.»

«Bamuletee hii. Atapona.»

Nilikaa chini mu vumbi, nikalia na ndoo pembeni. Munajua kitu yenye iliniumiza zaidi? Papa alipona! Saa kumi homa ilishakwisha, anakula makemba mbili, ile ndizi ya kupika, na anaomba ya tatu. Herbier yangu iliponesha mutu. Sasa muniambie, bantu ya Mungu: kitu yenye inaponesha mutu, nani anaweza kuipatia zéro? Niambieni!

Mama alipoelewa, hakuniomba pardon. Mama yangu hakujua neno pardon, alijua kazi. Alisema tu: «Simama. Jua ingali juu.» Tukazunguka mu lupango, ku jirani, ku shamba kidogo ya nyuma ya nyumba, tukachuma tena. Lakini jani mubichi haibandikwi, inaoza. Ni vile mama akakamata pasi yake ya makala, ile ya kunyoosha pagne, kitenge yake ya yenga, akatandika kitambaa, akaweka jani, akaweka kitambaa ingine juu, akaanza kupiga pasi. Kupiga pasi ku majani! Jirani bakakuya kuangalia ku ukuta. Moja akauliza: «Mama, pondu inaenda ku arusi?» Sinda ilinyooka muzuri. Ngai-ngai ikakuwa nyeusi. Jani ya papai ikashikana na pasi na haikutaka kutoka. Tukabakia na kumi na moja, kisha jirani mwenye kucheka akaleta ya kumi na mbili kutoka kwake, bila kuulizwa.

Kolle ya kubandika haikukuwa. Tukabandika na fufu, ugali ya muhogo. Mbele giza ianguke, nilikuwa naandika jina chini ya kila jani. Mama alikaa pembeni yangu, mikono ingali na majivu. Akaweka kidole ku ukurasa.

«Hapa umeandika nini?»

«Kongobololo.»

Akaangalia murefu. «Hata yeye iko na maandiko yake?» Na akapitisha kidole juu ya jina polepole, sawa mutu anapapasa mutoto mwenye amelala.

Lundi asubui, mvua. Si mvua ya kuchezea. Munajua mvua ya Kisangani: ikianguka, kila mutu anasimama pahali iko, mwenye kuuza anafunika bidhaa, mwenye kuendesha kinga, ile baiskeli, anaingia chini ya dari ya watu bila kubisha, na hakuna mutu anauliza mwingine juu ya nini umechelewa. Ni sheria yetu. Lakini mimi sikungoja. Mama akafunga kaye yangu mu ile majani yake mukubwa ya maboke, safu tatu, akakaza na kamba ya muti. Kaye yangu ikaenda masomo imefungwa sawa samaki. Mu njia nilikuta Georgette, binti ya mtaa yetu mwenye tulikuwa naye kilasi moja. Alikuwa amelowa, herbier yake chini ya robe, ku tumbo. Tulikimbia fasi ya kukimbia, na fasi matope ilikuwa mingi tulitembea na mikono juu sawa bafungwa, juu fufu inaogopa maji kuliko mutu.

Tulikuwa ku mulango ya kiwanja ya masomo wakati kengele ililia. Ilikuwa chuma ya gurudumu ya camion, ukiipiga mutaa nzima inasikia. Tuliona sentinelle, mulinzi ya masomo, anaipiga. Tulikuwa tunamuona na macho! Kuvuka kiwanja ni muda gani? Sala ya Baba Yetu haiishi.

Prof Anaclet alikuwa ku mulango ya kilasi. Mukavu. Mukavu kabisa, na mukunjo yake ya pantalon. Yeye alikuwa analala mu nyumba ya baprof ndani ya kiwanja, hatua makumi tatu, na mwavuli!

«Mademoiselle, kengele imelia.»

«Monsieur, mvua.»

Akaangalia tableau, akaniangalia tena. «Mvua haikuandikwa pale.»

Nikaanza kufungula kamba, nimuonyeshe tu. Nilisema akiona atahurumia. Mutoto moja ya nyuma akapiga kelele: «Prof, analeta liboke!» Kilasi yote ikaanguka na kicheko. Na yeye hakuangalia. Ile ndiyo inanichoma mpaka leo. Atupatie zéro, sawa, yeye ndiye prof. Lakini hakufungula hata ukurasa moja! Mama yangu alijichoma vidole juu ya ile kaye. Alisema: «Mubakie inje mpaka interro iishe,» akafunga mulango.

Dirisha haikukuwa na kioo. Tulisimama pale, mimi na Georgette, maji inatuanguka kutoka ku mabati, na tunasikia maulizo yote. Yote niliijua! Jani inakulaka nini? Najua. Jani inapumuaka wapi? Najua. Akauliza: «Mutaje jani moja yenye mishipa yake inaenda pamoja sawa njia ya train, bila kukutana.» Bote bakainamia karatasi. Bic zinatafunwa. Mimi nikashindwa kuvumilia.

«Sinda!»

Bakacheka tena. Prof hakugeuza hata kichwa. Alisema: «Inje haina points.»

Georgette akanifinya ku mukono. «Nyamaza, weye, atatufukuza mpaka ku barabara.»

Nilirudia nyumbani na kasirani yenye sijapata tena mu maisha yangu, hata siku bwana yangu aliuza cherehani yangu bila kuniuliza. Nikatupa kaye mu kona. Kesho yake, mardi, asubui mama akaniamusha. Nikasema: siende. Mercredi: siende. Nilisema sitaweka muguu kule mpaka yule mutu aniombe pardon mbele ya kilasi.

Papa akavwala chemise yake ya misa, akakamata jogoo yetu, akaenda kumuona prof. Sikumutuma, na hakuniuliza. Saa sita akarudi, na jogoo ingali chini ya kwapa yake. Akaketi. Alisema:

«Alikatala jogoo. Anasema jogoo haikufanya devoir.»

Mama akauliza: «Na mutoto?»

«Anasema zéro inabakia.» Papa akanigeukia. «Lakini anasema na banc yako, kiti yako mu kilasi, inabakia. Interro ingine iko, examen iko. Urudi kesho.»

«Aniombe pardon kwanza.»

Papa yangu alikuwa mutu munene, angeweza kunikamata kwa sikio mpaka ku kilasi. Hakunipiga. Aliachilia jogoo, ikaenda kutafuta chakula yake. Alisema: «Bon. Nitakungojea upoe.»

Na mimi sikupoa. Wiki ya kwanza nilisaidia mama ku soko juu nisikae bure. Wiki ya pili nilishajua kufunga liboke mbio kumupita. Kila asubui papa alikuwa ananiangalia mu chai, na macho inauliza, na mimi nilikuwa naangalia pembeni. Mwezi ikaisha. Banc ikapata mutu mwingine. Papa akaacha kuniangalia mu chai.

Miaka na miaka nilielezea hii habari ku kila mutu: ku soko, ku kilio, ku arusi, ku bamama ya kanisa. Nilikuwa nasema: Prof Anaclet ndiye alinitosha ku masomo, yeye na saa yake! Na bamama bote banasema: wee, pole, bantu babaya! Ilikuwa tamu, siwaongopei. Watu bakikuambia pole, inaingia sawa asali.

Kisha nikazaa mutoto yangu ya kwanza. Nikamupeleka ku dispensaire juu ya sindano ya batoto. Nikaketi ku banc, mulango ikafunguka, infirmière akatoka, blouse nyeupe, anatembea mbio-mbio. Akanitazama. Akatazama tena.

«Sinda!» akapiga kelele. «Ni weye!»

Ilikuwa Georgette, mwenye tulipoteanaka tangu ile mwaka.

Alinikumbatia na sindano mu mukono, kidogo anichome mimi. Tulicheka mpaka mutoto akaanza kulia. Nikamuuliza, juu ile neno ilikuwa ingali ku shingo yangu: «Na ile zéro yako, iliishaka namna gani?»

«Zéro zangu? Mbili, sawa zako.»

«Na ulifanya nini?»

Akashangaa na ulizo. Alikuwa anapangusa muguu ya mutoto na pamba.

«Nini nifanye? Nilirudi mardi.»

Nilirudi mardi. Hakusema kitu ingine, akachoma sindano, mutoto akalia, akaita mama mwingine. Nami nikatoka, nikasimama ku jua na mutoto ku mugongo, nikashindwa kukumbuka njia ya nyumbani iko upande gani. Mvua yetu ilikuwa moja. Zéro yetu ilikuwa moja. Dirisha tulisimama pamoja. Ni mardi tu ndiyo haikukuwa moja.

Musizanie nilisamehe prof. Hapana! Mutu mwenye analala hatua makumi tatu na kilasi hawezi kupimia mwenye anatoka Tshopo na mvua kwa saa moja ileile. Nitamuambia mbele ya Mungu, nikimukuta kule, na nitafika mbele ya kengele. Lakini ile siku ku dispensaire nilielewa kitu yenye mutoto ya miaka kumi na tatu hakuweza kuona: prof alinikamatia asubui moja. Asubui zenye zilibakia, nilimupatia mimi mwenyewe, na yeye hakuziomba. Na papa, mwenye alivwala chemise ya misa siku ya kazi juu yangu, sikumuambia hata aksanti. Alikufa akizania bado sijapoa.

Sasa musikie ya mwezi uliopita. Mujukuu yangu Plamedi, mutoto ya binti yangu, iko mwaka ya tatu ya secondaire, upande ya biochimie. Siku hizi devoir haiandikwi tena ku tableau. Prof yao anaituma mu simu, samedi mangaribi, siku mbele ya yenga, na anasema: murudishe mu simu lundi, mbele ya saa moja na nusu asubui. Plamedi aliisoma, kisha simu yake ikakufa, juu courant ya umeme haikukuwa tangu vendredi, mutoto aliandika yote ku karatasi na bic, kurasa ine, mimi nilimuona na macho yangu. Akapeleka karatasi ku mukono. Prof akamuambia: nilisema mu simu. Zéro!

Alirudi, akatupa sakoshi ku kiti, mabega juu, midomo hivi. «Koko, siende tena kwa yule mutu. Siende!»

Mimi nilishasimama. Nilishafunga pagne mara mbili, natafuta viatu vyangu, niende nimufundishe yule mutoto ya watu kuangalia karatasi. Kurasa ine! Damu ilikuwa imefika ku masikio. Na mukono moja ku mulango, nikageuka, nikaona ile midomo yake. Nikaijua. Ile midomo ilikuwa yangu.

Nikavula viatu. Nikakaa naye ku mukeka, nikamuelezea yote, toka sufuria mpaka sindano. Alicheka ku blanketi ya papa. Ku dispensaire hakucheka. Alianza kuchuna-chuna kucha.

«Kasirika,» nikamuambia. «Mimi nitakusaidia kukasirika, niko na mingi. Lakini uende nayo kule, usibakie nayo hapa.»

Akainua kichwa, macho ingali mekundu, akakamata mukono yangu na mikono yake mbili.

«Koko,» alisema, «kesho nitakuwa mu banc. Na akinitosha inje, kesho kutwa nitakuwa mu banc tena. Nakuahidi.»